Mgeni wa Wiki Tatu

Kizuka, 12 Februari, Jumatatu

Mimi Melkiades naandika. Kaye hii, yaani daftari, nimepewa leo na Asiya, yule mama wa Kiislamu anayeuza vitenge soko la Rumonge. Amewapa wazazi wote wa chama chake, kila mmoja kaye yake, waandike siku kwa siku mtoto mwenye ulemavu wa akili anaishi vipi nyumbani. Anakula nini, anaanguka mara ngapi, nani anamwosha. Mwezi wa tatu wadepite watatu, wale wa bungeni, wanakuja kuwasikiliza. Familia hizo zinaomba kituo hapa Kizuka, chenye walimu waliosomea watu wa namna hiyo. Wanataka kiingie kwenye bajeti ya serikali, kisije kikafa kama vile vya wafadhili.

Mimi sikupewa kaye kama mzazi. Nimepewa kama msemaji, hilo lieleweke. Kutoka hapa mpaka Muhuta hakuna mtu wa kunizidi kwa maneno ya kuposa. Harusi thelathini na moja nimesimama mbele ya ukoo wa watu, na sijarudi hata mara moja bila bibi arusi. Asiya kaniambia, "Mzee wangu, sisi akina mama tukisema tunalia. Tunatafuta mtu wa kusema bila kulia." Nikamwambia amefika penyewe.

Juu ya jalada kuna mahali pa jina la mtoto na mahali pa mzazi. Nimeandika MSEMAJI. Kuandika nilijifunza Mishamo, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, darasa la watu wazima. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Herufi zangu ni kubwa kama kuku lakini zinasomeka.

Asiya alikuja kwa pikipiki. Irakoze, msichana wa hapa nyumbani, aliposikia mlio akaingia kibanda cha mawese akavuta mlango. Hakuna aliyemwambia.

13 Februari

Mvua. Mikungu tisa ya chikichi tumekata.

16 Februari

Nestori alipita. Huyu ndiye nyumbakumi wetu, anaangalia nyumba kumi za huku juu, na ndiye ninayecheza naye igisoro, bao letu la mbegu. Alikuja kukagua kaye ya nyumba. Kila nyumba inayo. Kila anayelala ndani anaandikwa humo, baba, mama, watoto, mwenye ulemavu na alama yake, na mgeni akija anaandikwa ametoka wapi na anaondoka lini. Bila hivyo, msako ukipita, una kesi.

Nestori akafungua. "Mugeni wako iko bado?"

"Iko."

"Wiki tatu za Tanzania ni ndefu, Mzee Kinywa."

"Andika ufunge. Mbegu zako zinakufa huku."

Akaandika tarehe mpya, akatia saini. Halafu akanifunga mara mbili, lakini ni kwa sababu nilikuwa na mawazo.

18 Februari, Jumapili

Nimetoka misa. Nitaandika jambo hapa, maana Asiya alisema tuandike kweli, na kaye hii sitaitoa mkononi kabla ya kunyofoa kurasa zisizomhusu.

Mgeni ni Irakoze. Irakoze ni mtoto wangu, wa mwisho, nimezaa na Clotilda mke wangu.

Tulirudi kutoka Tanzania mwaka wa 2008, na malori, na mabati, na mbuzi. Tulimkuta mtu kwenye shamba la baba yangu, tukaanza kesi. Waliobaki nchini walikuwa wanatuita Watanzania, wanatuchungulia kama ng'ombe wa mnada. Wakati huohuo Speciosa, kifungua mimba wangu, alikuwa amechumbiwa na watu wa Minago, wenye mitumbwi, watu wa heshima. Irakoze alikuwa na miaka mitano hivi. Hakuwa anasema. Mate yanamtoka, anazunguka palepale kama pia. Nestori alipokuja kuandika nyumba akauliza, na huyu? Nikatazama wale wa Minago wamekaa kwenye mkeka wangu. Nikasema huyu ni mtoto wa ndugu yangu aliyebaki Mishamo, mgeni wetu, wiki tatu.

Nilipanga kusahihisha baada ya harusi. Ikaja harusi ya binti wa pili, nikasema baada ya hiyo. Halafu wa tatu. Baadaye kusahihisha kukawa aibu kuliko kuacha.

Mwaka huu ni wa kumi na sita.

24 Februari

Mchanga umeziba njia ya chini. Mawese madumu manne, mekundu safi. Mawese yangu hayagandi ovyo, waulize watu.

2 Machi, Jumamosi

Leo baada ya kazi za kilima, zile za kijiji kizima za Jumamosi, Asiya alinizungusha kwa familia, nichote maneno ya hotuba. Mwanawe mwenyewe, Nasiri, ana miaka kumi na tisa na mabega ya mchukuzi. Nguo anavuliwa na kuvalishwa na mama yake. Asiya alisema, "Nikienda sokoni namfungia. Nikirudi amejipiga kichwa ukutani. Andika hivyo, Mzee wangu, usipake sukari."

Tukashuka mpaka Minago kwa Karoli, mvuvi. Karoli huyu nilikuwa namdharau. Kila siku anambeba mwanawe mgongoni kwenda kwenye mitumbwi, mtoto mkubwa mwenye miguu inayoning'inia, mbele ya watu wote, na watu wanacheka. Nilikuwa nasema mtu yule hana haya. Leo nimemkuta ziwa limeingia ndani ya nyumba, maji yanafika kwenye vigimbi vya miguu. Mtoto amemkalisha juu ya meza, yeye amesimama majini anamlisha ndagala, anamtolea miiba.

"Mzee," Karoli akaniambia, "wewe unajua kusema. Usiwaambie tu shida. Sema pia kwamba anacheka sana."

Kweli mtoto alikuwa anacheka. Nilitoka nje haraka, nikasingizia miguu imelowa.

5 Machi

Clotilda anakohoa toka juzi. Alikuwa amekaa na Irakoze wanapukuchua chikichi kwenye mikungu. Irakoze ana mkono mwepesi, miiba haimchomi, anatenga zilizooza bila kuangalia. Hayo sijawahi kumwambia mtu.

Clotilda akasema bila kuinua kichwa, "Baba Speciosa, siku hiyo ya wadepite utasema una mutoto?"

"Nitasema kwa niaba ya wazazi."

"Mimi nikifa, kitambaa chake cha mwezi nani atamfunga? Wazazi?"

Mambo ya wanawake mwanamume hajibu. Nimeyaandika nikitazama pembeni.

11 Machi

Waislamu wameanza kufunga. Asiya kanipigia simu, wadepite ni Ijumaa hii.

15 Machi, Ijumaa

Wadepite hawakufika. Mlima umemwaga udongo barabarani upande wa Muhuta. Wamesema wiki ijayo.

19 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba michikichini. Nilianza na amahoro, salamu ya amani, mara tatu, kama inavyotakiwa, nikapandisha sauti pale pa mama na mtoto, nikaishusha pale pa sheria. Imetoka vizuri kuliko harusi zote. Nilipomaliza nikasikia makofi. Ni Irakoze, amesimama nyuma yangu na kikapu kichwani, alikuwa amenifuata. Alipiga makofi, kikapu kikaanguka, tukaokota pamoja.

Mpaka leo hotuba ile yote ameisikia yeye peke yake.

22 Machi, Ijumaa

Naandika nikiwa nimekaa jikoni, kwa sababu Clotilda yuko sebuleni.

Ukumbi wa zone, ofisi inayosimamia vilima vyetu, ulijaa. Akina mama na watoto wao kwenye mabenchi, wengine wanapiga kelele, mmoja anatambaa chini, na wadepite watatu nyuma ya meza yenye kitambaa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mnene, miwani kwenye kamba. Manyumbakumi walikaa nyuma kabisa, na Nestori kati yao. Mimi nilivaa koti la harusi.

Nikasimama. Amahoro ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukumbi ukaitikia. Nikasema. Nilisema juu ya Nasiri na ukuta. Nilisema juu ya mtu aliyesimama majini anamtolea mwanawe miiba ya ndagala, na kwamba mtoto huyo anacheka. Akina mama walikuwa wanaguna kunisindikiza. Nikasema, mzazi anayemficha mtoto wake ni mwizi anayejiibia mwenyewe. Maneno hayo niliyatunga mimi. Nikiwa hapohapo, mkono hewani, nikaona mlangoni Clotilda anaingia. Amemshika Irakoze mkono, amemvalisha kitenge cha Pasaka, nywele zinang'aa mafuta. Hakuniaga asubuhi kama anakuja. Akakaa naye benchi la mwisho la wazazi.

Nilimaliza vibaya. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, makofi yalikuwa mengi.

Yule mama depite akavaa miwani. "Mzee, umesema vizuri, murakoze cane, asante sana. Lakini nina karatasi hapa. Tuliomba hesabu ya kaye za nyumba. Kaye zinasema zone nzima ina watu wanne wa aina hii. Mama Asiya anasema arobaini na mmoja. Mimi nimwamini nani?"

Asiya alisimama, midomo mikavu ya saumu. "Mheshimiwa, hao mbele yako. Hesabu kwa macho."

Depite hakukasirika. Aliinuka kweli akashuka kwenye mabenchi, akawa anasalimia mmoja mmoja, huyu mtoto wa nani, na huyu, kaandikwa kwenye kaye? Mama mmoja akasema ndiyo, mwingine akatazama chini akasema baba yake hakutaka. Akafika benchi la mwisho.

"Amahoro, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Irakoze akasimama wima, mikono ubavuni, kama anavyosimama mtu akimuuliza. Alianza kusema akiwa na miaka tisa. Neno la kwanza lilikuwa mama, la pili baba. La tatu nilimfundisha mimi, ili mpita njia akiuliza asipate taabu.

"Mimi mgeni," akasema.

"Mgeni kutoka wapi?"

"Wiki tatu."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha mtu aliyechoka kukaa. Irakoze naye akacheka, akadhani amejibu vizuri. Na alikuwa amejibu vizuri, hivyo ndivyo nilivyomfundisha.

Depite akamtazama Clotilda. Clotilda hakumtazama depite, alinitazama mimi. Ukumbi mzima ukafuata macho yake.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

Mimi Melkiades, mwenye harusi thelathini na moja, ambaye sijawahi kukosa neno, sikulikosa na leo. Nilisema, "Ni mtoto wa ndugu yangu wa Mishamo. Amekuja kutembea."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

Nestori kule nyuma aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nestori anavaa kandambili.

"Basi huyu hatumhesabu," depite akasema, akarudi mezani. Akatuambia kwamba yeye hawezi kusimama bungeni kuomba kituo cha watu wasiokuwepo. Sheria inajengea walioandikwa. Tumletee hesabu mpya kabla ya tarehe 30 Aprili, kaye zimesahihishwa, na kila mkuu wa nyumba ametia saini yake. Tusipoleta, atapeleka wale wanne, na wanne hawajengewi kitu.

Clotilda na Irakoze walirudi kwa miguu. Mimi nilipewa lifti na gari la zone, nikakaa mbele.

23 Machi

Clotilda hasemi.

24 Machi

Hasemi. Chakula ananiwekea.

27 Machi

Mvua mchana kutwa. Mikungu inaozea chini. Irakoze amepukuchua peke yake, Clotilda amelala na kifua.

31 Machi, Pasaka

Sikwenda kupokea komunyo. Padri alinitazama. Watu wamedhani nilikunywa chai kabla ya misa, nikavunja mfungo wa komunyo.

4 Aprili, Alhamisi

Asiya amekuja kwa miguu kutoka barabarani, pikipiki zimekataa tope. Kwa hiyo Irakoze hakusikia mlio. Alikuwa nje anaanua chikichi, Asiya akamkuta. Nilipotoka walikuwa wamesimama pamoja, Asiya anamfuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ana pua yako," akaniambia.

Nikasema akae, nikasema maji, halafu nikakumbuka amefunga. Akabaki amesimama.

"Mzee wangu, nilikutafuta kwa sababu nilisikia huna mtoto kama wangu. Nikasema mtu asiye na aibu hii ndiye atasema vizuri. Kumbe nimechukua aliyenayo kuliko wote."

"Mama Nasiri, mambo ya zamani hayo, wewe hujui tulivyorudi."

"Sijui. Mimi sikukimbia. Mimi nilibaki hapa, nikamzaa Nasiri, na mume wangu akaondoka kwa ajili ya Nasiri. Yeye angalau aliondoka." Akanyoosha mkono. "Naomba kaye yangu. Nitampa mtu mwenye mtoto."

Nilimwambia haijajaa. Alinitazama kidogo, kisha akamuaga Irakoze kwa jina, akashuka. Mimi hakuniaga.

10 Aprili

Waislamu wameswali Idi. Asiya ametuma sahani ya wali na nyama. Mleta sahani alisema, ni ya Irakoze.

11 Aprili

Nilikwenda kwa Nestori. Sikubeba igisoro.

Nikamwambia, wewe chukua kalamu, pale penye mgeni piga mstari, andika mtoto, tumalize kama wanaume. Akatikisa kichwa. Mgeni wa miaka kumi na sita, alisema, haondoki kwa kalamu. Mkuu wa kilima amesema kila atakayebadilisha kaye asimame kwenye mkutano wa Jumamosi, baada ya kazi za kilima, aseme mbele ya watu ni mtoto wake, apate mashahidi wawili, ndipo aende ofisi ya serikali, komine, kumwandikisha kuzaliwa.

"Mbele ya watu wote?"

"Wewe si ndiye unayependa watu wote?"

"Nestori, wewe ulijua siku zote?"

"Mimi niliandika ulichosema." Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, vidole havikusimama. "Mara mbili kwa mwaka nimekuuliza, mugeni iko bado? Miaka kumi na sita. Mara mbili kwa mwaka nimeshika kalamu nikakungoja, Mzee. Ulidhani natania?"

Nilidhani anatania.

13 Aprili, Jumamosi

Mvua kubwa. Kazi za kilima hazikufanyika. Nilifurahi, na baada ya kufurahi sikuweza kula.

20 Aprili, Jumamosi

Tulichimba mfereji wa maji ya mvua kando ya shule. Mkutano ulipofika mkuu wa kilima akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa na neno. Jembe nililishika kwa mikono miwili mpaka akafunga mkutano.

Clotilda aliniuliza tu, "Umesema?" Ni neno la kwanza karibu mwezi mzima.

21 Aprili

Nimemjibu leo. Hapana.

25 Aprili

Clotilda hakuweza kuamka. Irakoze alipika. Sikujua anajua. Aliweka chumvi mara mbili, akanipakulia mimi kwanza kwenye kisahani cha wageni, kile chenye maua, maana ameona baba anapewa heshima. Yeye akala kwenye sufuria, nyuma ya mlango, anakokula watu wakija. Hapakuwa na mtu. Nilikuwepo mimi tu.

27 Aprili, Jumamosi

Nimesema.

Nilikuwa nimetunga vizuri, na amahoro tatu na methali mbili. Nikasimama, jembe mkononi, tope mpaka magotini, na watu kama mia. Amahoro ya kwanza ilitoka. Ya pili haikutoka. Nilisema, yule msichana wa nyumbani kwangu si mtoto wa ndugu yangu. Ndugu yangu wa Mishamo alikufa hana mtoto. Ni wangu. Anaitwa Irakoze. Nilisema mgeni kwa sababu nilimwonea haya. Halafu sikujua namna ya kumaliza, nikabaki nimesimama.

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Ehe, Mtanzania, wiki tatu zimekwisha?" Kicheko kikapanda kilima chote. Nikasema, "Zimekwisha." Nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Mkuu wa kilima akaomba mashahidi. Nestori aliinua mkono. Kwa wa pili tulingoja. Nikawatazama watu niliowaposea wake, nikawahesabu, kumi na wawili walikuwepo. Aliyeinua mkono ni Karoli, aliyehamia kilima hiki kwa shemeji yake baada ya ziwa kumtoa Minago. Mwanawe alikuwa mgongoni, akainua mkono naye.

28 Aprili, Jumapili

Speciosa amepiga simu kutoka Minago. Habari imefika. Nikamwomba radhi kwa aibu niliyomtia kwa wakwe zake.

Akasema, "Baba, aibu gani? Hapa wote wanajua. Walijua toka siku ya kuniposa. Mama mkwe alikwenda uani akamkuta Irakoze, akamwona mama anamlisha, akajua. Siku ya harusi alimpelekea sahani mwenyewe. Kila Krismasi ananiuliza, mdogo wako hajambo? Namjibu hajambo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe, Baba, unaambiwa?"

Sherehe zile zote, nilizokuwa naziona nimezishinda kwa kumficha, walikuwa wananivumilia tu. Sijui kwa nini hili limeniuma zaidi ya kicheko cha jana.

29 Aprili, Jumatatu

Komine, dirisha la vizazi. Mimi, Clotilda kwa shida na fimbo, Irakoze, na mashahidi wawili. Karani akauliza jina, nikasema. Akauliza tarehe ya kuzaliwa.

Mimi ninajua harusi ya kwanza niliyosimama ilikuwa siku gani na mwaka gani, na baba wa bibi arusi alivaa nini. Hii sikuijua.

"Tarehe kumi na nne Novemba, elfu mbili na mbili," Clotilda akasema nyuma yangu. "Ilikuwa Alhamisi. Tunapanda tumbaku. Huyu alikuwa kwenye harusi ya watu."

Karani akaandika bila kucheka. Nikaweka dole gumba kwenye wino, ingawa najua kuandika. Sikutaka herufi zangu zionekane pale, chini ya tarehe nisiyoijua.

30 Aprili

Asiya amepeleka hesabu kwa wadepite. Simu yake ilikuwa fupi. Ishirini na sita. Waliokuwa wanne sasa ni ishirini na sita. Alisema wengine walipita kwa Nestori na wenzake kupitia uani, Jumapili na jana, baba mmoja mmoja, wameahidi kusimama mkutanoni Jumamosi ijayo. Hakusema ni kwa ajili yangu, na mimi sikuuliza. Bado kumi na watano wamefichwa.

6 Mei

Kifua cha Clotilda kimepungua. Mawese dumu moja tu.

11 Mei, Jumamosi

Mkutano wa chama, kwa Asiya. Wadepite wamepokea hesabu. Jibu la kituo ni bunge likikaa kwa bajeti, na yule mama alisema asidanganye mtu, anaweza kukipata na anaweza kukikosa. Asiya alisema wakati huo chama kitakwenda Bujumbura na atakayesema ni Karoli.

Karoli alikataa, akasema, mimi mvuvi, sina maneno, Mzee Melkiades yupo. Watu wakamgeukia Asiya. Nikasema mwenyewe kwamba Karoli anafaa. Asiya akanipa kazi ya kupanga viti. Nimevipanga. Viti arobaini, na hakuna aliyenisaidia, na mgongo wangu ni wa miaka sabini na mitatu. Hapo nimejisifu, najua.

18 Mei, Jumamosi

Mvua zimekatika. Udongo umeanza kupasuka. Toka tulipotoka komine namfundisha Irakoze kila asubuhi, tukipukuchua: sema, mimi Irakoze wa Melkiades. Anatazama mdomo wangu. Anasema Irakoze. Anasema Melkiades. Mtu akija anasahau yote mawili.

Jioni hii Nestori amekuja na kaye mpya ya nyumba. Irakoze kasikia hatua za mtu, akaingia kibanda cha mawese akavuta mlango. Nilikwenda nikaufungua. Alikuwa amesimama gizani mikono ubavuni, anangoja mgeni aondoke. Nikamshika mkono, umejaa mafuta mekundu, nikamtoa, nikamkalisha kwenye kiti changu.

Nestori akasoma kwa sauti, taratibu, ili Clotilda asikie kule ndani. "Melkiades, mkuu wa nyumba. Clotilda, mke. Irakoze, mtoto." Akamgeukia. "Amahoro, Irakoze. Basi niambie, wewe nani?"

Akasimama wima. "Mimi mgeni."

Nestori akaangalia kaye yake. Nikadhani ameishia hapo. Akanyoosha kalamu kwangu. "Na huyu mzee?"

Irakoze akanitazama, kama anatafuta chikichi iliyooza kwenye mkungu.

"Baba wa mgeni," akasema.

Nestori hakucheka. Akanipa kalamu, nikatia saini yangu kwa herufi zote.

Kesho baada ya misa nampelekea Asiya kaye yake. Sikunyofoa hata ukurasa mmoja. Juu ya jalada nimefuta MSEMAJI kwa mate na kidole, karatasi imetoboka kidogo. Mahali pa mtoto nimeandika Irakoze. Mahali pa mzazi nimeandika kama alivyoniita yeye.